Aliyepotea Ana Jina

Dominika ya 24 ya Mwaka C
Luka 15:1-32



Injili ya leo ni sura ya 15 ya Mwinjili Luka. Ndani yake Bwana wetu anasimulia mifano mitatu ya upotevu. Kwanza anapotea kondoo 1 kati ya 100. Kisha inapotea shilingi 1 kati ya 10. Mwishoni anapotea mwana 1 kati ya 2. Tazameni jinsi upotevu unavyosogea karibu nasi hatua kwa hatua. Kondoo alipotelea porini, mbali na macho ya watu. Shilingi ilipotea ndani ya nyumba, labda chini ya kitanda au katika ufa wa sakafu. Na mwana alipotea kutoka mezani pa baba yake, mahali alipozoea kula. Anayetusimulia mifano hiyo anataka tutambue kwamba mtu aweza kupotea hata pale ambapo sote tunadhani pako salama.

Katika kuitafakari sura hii tutatumia leo msaada ambao pengine baadhi yenu hamkuutazamia kutoka katika kipindi hiki. Tutazungumza juu ya wimbo wa roki. Tunajua kwamba wazazi wengi, wakisikia magitaa ya namna ile yakivuma chumbani mwa kijana wao, huwa na neno moja tu la kusema, nalo ni, "Punguza hiyo sauti!" Hatukuja kuusifu muziki wa namna hiyo wala kuushutumu. Tunautaja wimbo huu mmoja kwa sababu waliouimba walitenda jambo linalotusaidia kuisoma Injili ya leo kwa macho mapya, na kwa sababu yaliyofuata baada ya hapo yanatuuliza maswali mazito sisi tulio na nyumba, watoto, na madarasa ya mafundisho.

Wimbo wenyewe unaitwa Runaway Train, yaani gari moshi lililokatika breki, linalokimbia bila mtu wa kulizuia. Uliimbwa na kikundi cha Soul Asylum cha mji wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani. Ulikuwamo katika albamu yao ya mwaka 1992, na mwaka 1993 ukatolewa peke yake. Ukapendwa mno. Ulifika nafasi ya 5 katika orodha ya nyimbo zinazovuma Marekani, na mwaka 1994 ukapewa tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa roki. Mtunzi wake, Dave Pirner, ambaye pia ndiye mwimbaji, ameeleza kwamba alipouandika hakuwa akiwafikiria watoto waliopotea. Alikuwa akiieleza hali ya moyo wake mwenyewe, ile huzuni nzito ambayo madaktari huiita sonona, inayomfanya mtu ajione anachukuliwa kwa kasi kuelekea asikokujua, wala hana mkono wa kujishikia.

Ulipofika wakati wa kuutengenezea wimbo huo mkanda wa video, kazi hiyo alipewa Mwingereza mmoja, Tony Kaye. Sasa, sote tunajua mkanda wa video wa muziki ni kitu gani. Ni tangazo la biashara. Umetengenezwa ili uso wa mwimbaji ujulikane, mavazi yake yatamaniwe, na wimbo wake ununuliwe. Kila nukta ina bei yake. Lakini katika mkanda huu, wimbo ukiwa unaendelea, picha ya waimbaji inaondoka na mahali pake panakaa picha ya mtoto. Si mtoto wa kuigiza. Ni mtoto wa kweli, aliyetoweka kwao, na wazazi wake hawajui aliko. Chini ya picha limeandikwa jina lake, na mwaka alioanza kutafutwa. Halafu anakuja mwingine, na mwingine tena. Mwishoni mwimbaji mwenyewe anajitokeza na kuwaomba watazamaji kwamba, ikiwa yupo aliyemwona mmoja wa watoto hao, au ikiwa anayetazama ndiye mmoja wao, basi apige simu kwa namba inayoonyeshwa.

Namba hiyo ilikuwa ya kituo cha taifa cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaodhulumiwa, kilichoanzishwa mwaka 1984. Katika simu za kule kila tarakimu ina herufi zake, na namba ya kituo hicho, ukiisoma kwa herufi, mwisho wake hutoa neno la Kiingereza lenye maana ya "waliopotea". Tangu miaka hiyo ya 1980 watu wa nchi ile walikuwa wameanza kulishika jambo hili kwa uzito. Mwaka 1983 Rais Ronald Reagan aliitangaza tarehe 25 Mei kuwa siku ya kuwakumbuka watoto waliopotea. Mwaka 1984 baadhi ya viwanda vya maziwa vilianza kuchapa picha za watoto hao juu ya maboksi ya maziwa, hata familia ikawa inakaa kunywa chai ya asubuhi huku uso wa mtoto wa watu ukiitazama. Mkanda wa Soul Asylum uliichukua picha ile kutoka mezani pa wazee na kuipeleka mbele ya macho ya vijana wenyewe, kwenye televisheni waliyokuwa wakiitazama usiku na mchana. Huko ndiko walikokuwa rika la watoto waliotoroka, na huko ndiko wengine kati yao walikokuwa wao wenyewe.

Ndugu wapendwa, hapa tunajifunza jambo la kwanza. Aliyepotea ana jina.

Sisi wanadamu tukikutana na taabu iliyo kubwa, huielekea kwa kuihesabu. Tunasema "watoto wa mitaani", tunasema "vijana wa siku hizi", tunasema "tatizo la utoro". Mkanda ule nao ulianza kwa maandishi yaliyotaja hesabu kubwa, kwamba vijana zaidi ya milioni moja wamepotea katika mitaa ya Marekani. Lakini haukuishia hapo. Nani awezaye kumtafuta milioni moja? Hakuna mlango ambapo utabisha na kumwulizia milioni moja. Ndiyo maana baada ya hesabu zikaja nyuso, na kila uso ukaja na jina lake. Katika Injili ya Yohane, sura ya 10, Bwana wetu anasema kwamba mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Na mchungaji wa Luka anapowaacha wale 99, haendi kutafuta "asilimia moja ya kundi". Anamwendea yule mmoja, ambaye anamjua kwa mwendo wake na kwa sauti yake, na pengine kwa kovu la mguuni.

Jambo la pili tunajifunza kwa kuangalia nani anatafuta na nani hatafuti. Katika mfano wa kwanza mchungaji anatoka. Katika mfano wa pili mwanamke anawasha taa, anafagia nyumba, anatafuta kwa bidii mpaka aione. Lakini mkiusoma mfano wa tatu kwa makini, mtaona pengo. Mwana mdogo amekwenda nchi ya mbali, amefilisika, anatamani kushiba chakula cha nguruwe, na hakuna mtu aliyekwenda kumtafuta. Baba anatazama njia, ndiyo. Hata kijana akiwa bado mbali anamwona na kumkimbilia. Lakini nani angefaa kufunga mzigo, kuvaa viatu na kwenda mji kwa mji akiuliza, "Hamkumwona ndugu yangu?" Ni kaka mkubwa. Naye yuko shambani, anafanya kazi yake kwa uaminifu, anatimiza yote yanayompasa. Jambo moja tu hakulifanya, hakumtafuta mdogo wake.

Angalieni pia ni kwa njia gani kaka huyo alipata habari kwamba mdogo wake amerudi. Mwinjili anatueleza kwamba alipokaribia nyumbani alisikia sauti ya muziki na machezo. Hakuingia kuona. Alimwita mtumishi akauliza kuna nini, na alipoelezwa alikasirika akabaki nje. Wapendwa wazazi, tusiipite sehemu hii haraka. Muziki uliokuwa ukisikika mle ndani ulikuwa unahusu ndugu aliyepotea, na mtu mwema, mchapa kazi, alibaki nje ya mlango akiuchukia. Inawezekana hata leo ndani ya chumba cha kijana wetu kuna muziki unaosema habari ya upotevu wake, wa huzuni yake, wa gari moshi lake lisilo na breki, nasi tunasimama nje ya mlango tukiwa na neno moja tu, punguza hiyo sauti. Si kila wimbo unafaa, hilo ni kweli. Lakini kabla ya kuukataza, tumwulize mtoto, "Mwanangu, wimbo huu unakugusa wapi?" Swali hilo halina gharama. Kaka mkubwa angemwuliza baba yake, badala ya mtumishi, angeijua furaha ya nyumba ile mapema zaidi.

Sasa tuyatazame matokeo, maana msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Je, watoto hao walipatikana?"

Wengine walipatikana. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni ya watoto zaidi ya 20. Mkanda ulitengenezwa katika matoleo mbalimbali, ili nyuso mpya zipate nafasi, na katika nchi nyingine zilitumika picha za watu waliopotea katika nchi hizo. Mwaka 2019, katika mwezi wa Mei, waimbaji wengine waliurudia wimbo huo kwa kushirikiana na kituo kile kile, na safari hiyo mitambo iliwezeshwa kumwonyesha kila mtazamaji watoto waliopotea katika eneo la karibu naye. Wimbo uliozaliwa katika huzuni ya mtu mmoja ukawa taa mkononi mwa wengi. Tuwaambie hivi ndugu zetu wanaobeba sonona kimya kimya, na ambao pengine wanatusikiliza wakiwa kitandani kwa sababu hawana nguvu ya kuamka: kilio chenu si bure, wala si dhambi kukisema. Mwambieni mtu. Mwoneni daktari. Machozi mliyoyatoa leo yanaweza kesho kumfungulia mwingine njia.

Lakini wapendwa, tusiisimulie habari hii kana kwamba ni hadithi ya furaha tupu. Katika toleo la Uingereza walionyeshwa wasichana wawili waliotoweka mwaka 1991. Mabaki yao yalipatikana mwaka 2007, yamefukiwa katika uwanja wa nyumba moja huko Margate. Miaka 16! Katika toleo la Australia walikuwamo vijana wasafiri ambao ilikuja kujulikana kuwa waliuawa, na mwuaji, Ivan Milat, alihukumiwa mwaka 1996. Wazazi wao walikuwa wameziona picha za watoto wao zikipita katikati ya muziki, wakatumaini, wakangoja simu, na simu iliyokuja haikuwa ile waliyoiomba.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Je, kwa wazazi hao kutafuta kulikuwa kazi bure? Maandiko Matakatifu yanatujibu kwa mfano wa mama mmoja ambaye hatumsikii mara nyingi makanisani. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 21, tunasoma habari za Rispa. Wanawe waliuawa na miili yao ikaachwa mlimani. Yeye alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa pale tangu mwanzo wa mavuno hata mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama wa mwitu usiku. Hakuweza kuwarudishia uhai. Alikataa tu wasahauliwe. Na uaminifu wake ulimfikia mfalme Daudi, naye akaamuru mifupa ya wafu ikusanywe ikazikwe kwa heshima. Kumtafuta aliyepotea, hata ikiwa tutalipata kaburi lake tu, ni wajibu wa upendo. Anayetafutwa bado ni mtu wa watu, ana kwao, ana jina. Familia zinazongoja bila jibu, ambazo haziwezi kuweka matanga wala kufanya sherehe, tuzikumbuke leo katika maombi ya waamini, na tusiziambie kamwe, "Msahauni sasa, yaishe."

Yako matokeo mengine, na hayo ndiyo yanayotuhusu zaidi siku ya leo. Mpiga gitaa wa kikundi kile, Dan Murphy, aliwahi kusimulia kwamba wakiwa katika ziara zao walikutana na binti mmoja aliyewaambia, tena kwa kucheka, kwamba wamemharibia maisha. Alikuwa nyumbani kwa rafiki yake wa kiume, akajiona katika mkanda ule. Kutokana na hilo akarudishwa kwao kwa lazima. Na kule kwao, alikokukimbia, hali ilikuwa mbaya.

Tulitafakari neno hili, wapendwa. Binti alitafutwa, akaonekana, akarudishwa. Katika vitabu vya hesabu yeye ni mmoja wa waliopatikana. Je, alipatikana kweli?

Wahenga wetu walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Kwa nje nyumba inaweza kuwa na bati jipya na picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, kumbe ndani mna kipigo, ulevi, tusi la kila siku, au uovu ule ambao mtoto hathubutu hata kuutaja. Sehemu kubwa kabisa ya watoto wanaoripotiwa katika kituo kile cha Marekani si walionyakuliwa na mtu mgeni barabarani. Ni wale walioondoka kwa miguu yao wenyewe. Tony Kaye hakulificha jambo hili. Katika mkanda wake hazimo picha za waliopotea tu, bali pia michezo mifupi inayoonyesha mtoto akishuhudia ukatili na kukimbia. Basi kabla hatujauliza, "Mtoto huyu amekimbilia wapi?" inatupasa kuuliza, "Amekimbia nini?"

Turudi kwa baba wa Injili. Kwa nini yule kijana, kati ya nguruwe na njaa, alipata wazo la kurudi? Kwa sababu alikumbuka kwamba nyumbani kwa baba yake hata vibarua wanakula na kusaza. Alikumbuka nyumba yenye haki. Kama nyumba ile ingekuwa ya fimbo na matusi, angekufa kule kule ugenini. Na alipofika, baba hakumsimamisha mlangoni kumhoji. Aliagiza joho, pete na viatu. Viatu, ndugu zangu! Watumwa walitembea peku. Aliyevaa viatu ni mwana, ana hiari ya kwenda na kurudi. Baba huyo hakumrejesha mwanawe kifungoni. Alimrudishia heshima yake. Kupatikana kwa kweli ndiko huko. Mchungaji naye hakumburura kondoo kwa kamba. Alimweka mabegani, akauchukua uzito wake.

Kutokana na hayo, tunapenda kuwapendekezea wanajumuiya na makatekista mambo manne yaliyo mepesi kuyatenda.

La kwanza linahusu daftari. Kila katekista ana daftari la majina ya watoto wa Komunyo ya Kwanza na wa Kipaimara. Daftari hilo ni kundi la kondoo lililoandikwa kwa kalamu. Mtoto asipoonekana Jumamosi mbili mfululizo, alama ya kutokuwapo isiwe tu sababu ya kumzuia asipokee sakramenti. Iwe sababu ya kwenda kwao. Kumbukeni kwamba hata Yosefu na Maria walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu yumo katika msafara pamoja na jamaa. Kila mtu alidhani yupo kwa mwenzake. Watoto wetu wengi hupotea hivyo hivyo, katika dhana: baba anadhani yupo kwa shangazi, shangazi anadhani amerudi kwa mama, mwalimu anadhani anaumwa, na katekista anadhani amehama parokia.

La pili linahusu watoto wanaopelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Mtu akija kijijini na kusema anamtafutia ndugu yake wa mjini binti wa kumlelea mtoto, jumuiya iulize: ni nani huyo, anakaa mtaa gani, binti ataruhusiwa kuzungumza na wazazi wake lini, na shule yake itakuwaje? Na ninyi mnaoishi mjini na wasichana hao, je, mnalijua jina lake la ubatizo na jina la kijiji chao? Au anaitwa tu "dada", mwaka wa kwanza hadi wa tatu? Mtu anaweza kupotea huku akitupikia chakula.

La tatu linahusu matangazo. Mtoto akipotea, lisemwe kanisani siku ile ile, na msikitini kwa majirani zetu, na taarifa ifike polisi bila kungoja. Atajwe kwa jina lake, umri wake, na nguo alizovaa. Siku hizi picha hutumwa kwa simu na kuenea katika muda mfupi kuliko wimbo wa Sala ya Bwana. Hilo ni jema, lakini lina masharti. Kabla ya kuituma, hakikisheni tangazo ni la kweli na limetoka kwa mzazi au polisi. Akishapatikana, tangazeni hilo pia, na picha iondolewe, ili mtoto asiitwe "yule aliyepotea" mpaka siku ya ndoa yake.

La nne, na ndilo zito kuliko yote: mtoto akipatikana, asikilizwe kabla ya kurudishwa. Akae na mtu mzima anayemwamini, akiwa peke yake, wazazi wakiwa pembeni, aulizwe kwa upole kilichomwondoa. Akitaja kipigo cha kumdhuru au kudhulumiwa mwili wake, jambo hilo si la kumalizwa kwa baraza la ukoo na kuku wawili. Lifikishwe kwa ofisa wa ustawi wa jamii, na polisi kwenye dawati linalohusika na watoto. Tanzania, Kenya na Uganda zinayo namba ya simu ya kuwasaidia watoto, nayo ni 116. Iandikeni ukutani mwa darasa la mafundisho, mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kumwomba mtu ruhusa. Waimbaji wale walitoa namba kwa kila anayemtafuta mtoto na pia kwa mtoto mwenyewe anayejitazama katika picha. Nasi tufanye hivyo. Mtoto ajue kwamba anao mlango wa kubisha.

Wapo watakaosema kwamba kumsikiliza mtoto hivyo ni kumdekeza. Wahenga walituonya, mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli, na malezi yanahitaji uthabiti. Lakini methali hiyo inamhusu mtoto anayelia kwa kunyimwa, haimhusu mtoto anayelia kwa kuumizwa. Mzazi mwenye hekima hutofautisha vilio hivyo viwili, kama mama mnyonyeshaji anavyotofautisha kilio cha njaa na kilio cha homa.

Wapendwa wasikilizaji, mfano wa tatu wa Luka hauna mwisho. Baba ametoka nje, amesimama gizani pamoja na mwanawe mkubwa, anamsihi aingie. Mwinjili hatuambii kama aliingia. Ndani muziki unaendelea. Ametuachia sisi tumalize. Tutaumaliza mfano huu kwa miguu yetu, tukienda nyumba ya tatu kutoka kwetu kuuliza habari za mtoto ambaye hatujamwona tangu mwezi uliopita, na tutaumaliza ndani ya nyumba zetu, tukizifanya ziwe mahali ambapo mtoto, hata akiwa katika nchi ya mbali na njaa imemshika, atakumbuka na kusema moyoni, "Nitaondoka, nitakwenda kwetu."

Tuombe. Ee Mungu, Baba unayetazama njia, uwakumbuke kwa majina watoto wote waliopotea, waliotoroka, na walioibwa. Uwape faraja wazazi wanaongoja. Uwalaze kwa amani wale waliopatikana wakiwa wamekwisha kufa. Uzisafishe nyumba zetu, ili anayerudi apate kwetu joho, pete na viatu. Utujalie sisi tuliobaki shambani tusisimame nje ya mlango, bali tuingie, na tukikuta mmoja hayupo, tutoke tena kumtafuta. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Tunawatakia Dominika njema na juma lenye baraka. Tumsifu Yesu Kristu!